Mama Aliyeutazama Ukuta

Busia, upande wa Uganda
Jumamosi asubuhi

Mama mkwe wangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima zote, na ninatumaini barua hii itakukuta mzima, mguu umepunguza maumivu, na mihogo uliyoanika haikunyeshewa na ile mvua ya juzi. Sisi huku hatujambo. Mimi niko salama, na wajukuu zako Emmy na Akiteng wanakula kama watu wanaolipwa kwa kazi hiyo. Emmy ameng'oka meno mawili ya mbele lakini bado haachi kuongea. Anasema atakuletea uyaone.

Barua hii anakusomea Prossy. Nimemwomba asiruke neno, hata pale atakapokuta nimemsema yeye, na asiongeze la kwake. Unamjua binti yako. Nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu Kipadhola changu kinaishia kwenye salamu, na Kiteso wewe hukuwahi kukihitaji. Miaka yote uliyouza dagaa wa omena katika soko la Busia uliwauzia Wateso, Wasamia na Wakenya kwa Kiswahili, tena kilichonyooka kuliko changu.

Najua si kawaida mkwe kumwandikia mama mkwe wake. Nikiwa na neno hulipitisha kwa mzee Osire, ndugu wa marehemu baba Prossy, kama tulivyofanya siku zote. Lakini neno likipita kwa mzee Osire hufika limevaa koti na tai. Hili nataka likufikie kama lilivyo.

Nianze na habari ya kazi, kwa kuwa mambo yote yalianzia huko. Unajua kwamba mimi ni karani wa wakala wa forodha, mtu wa kukimbiza makaratasi ya malori kutoka ofisi hii hadi ile. Mwezi uliopita Isaac alikuja na habari. Isaac ndiye rafiki yangu tunayetumia naye meza moja. Ulimsikia siku ya kutoa mahari, yule aliyecheza ngoma mpaka kiatu kikamtoka. Alisema kuna kampuni ya uchukuzi inayofungua yadi kubwa kwenye barabara ya Tororo na inatafuta wasimamizi wa yadi. Tukaomba wote wawili, tukaitwa kwenye mtihani katika ukumbi mmoja Tororo.

Isaac alikuwa ameshachunguza. Alisema mtihani wenyewe si wa hesabu wala wa sheria za barabarani, ni wa saikolojia. Wanakuonyesha picha ukutani, wanaiondoa, kisha unaandika hadithi yake haraka haraka: nini kilitokea kabla, nini kinaendelea sasa, na mwisho utakuwaje. Kuna mtaalamu atakayezisoma hadithi zako na kujua wewe ni mtu wa namna gani. Prossy aliposikia alicheka, akasema angepewa picha hizo anipime kabla ya harusi, labda angejiokoa.

Basi Isaac akapata kwenye simu mwalimu mmoja anayefundisha watu kuujibu mtihani huo. Kanuni yake ni kwamba mtu wa kwenye picha lazima awe na jina, awe na shida, awakusanye wenzake, aunde kamati, shida iishe na watu washukuru. Tulikariri hadithi ya kijana aitwaye Lenox ambaye daraja la kijijini kwao limechukuliwa na mafuriko, naye anawakusanya watu wanalijenga upya kwa magogo ili akina mama wajawazito wavuke kwenda hospitali. Mwalimu alidai kwamba hadithi hiyo inaingia kwenye picha yoyote. Kukiwa na mti, huo ndio gogo. Kukiwa na mwanamke, huyo ndiye mjamzito. Tulifanya mazoezi ofisini huku madereva wakitupigia honi nje, na nakwambia kweli, Mama, mwishowe ningeweza kulijenga lile daraja kwa mikono yangu.

Picha ya kwanza ilikuwa ya mwanamume amesimama kando ya lori lililozama kwenye tope. Nikatoa daraja langu. Nilipochungulia mbele yangu niliona jirani naye yuko kwenye mto uleule. Baadaye tuligundua kwamba Lenox alikuwa amejenga daraja karibu kwenye kila kiti cha ukumbi ule.

Kisha wakaonyesha picha nyingine. Ilichorwa kwa penseli, haina rangi. Mama mtu mzima amesimama anautazama ukuta. Nyuma yake, karibu na mlango, kuna kijana ameshika kofia kwa mikono miwili, macho chini. Hakuna kiti, hakuna meza, hakuna mti wa kufanya gogo.

Mama, kalamu yangu ilikataa. Niliutafuta mto sikuuona. Mtu yeyote aliyelelewa huku kwetu angeijua picha ile kabla haijatulia ukutani: yule ni mama mkwe na mkwe wake. Kijana ameingia ndani bila kupiga hodi ya kutosha, na mama amempa mgongo. Hawajagombana. Mama amegeuka kwa sababu anamheshimu, na kijana ameinamisha macho kwa sababu naye anamheshimu, na sasa hajui aiweke wapi miguu yake. Lililobaki kuandika ni nini kilimleta mle ndani, na atatokaje.

Kilichomleta nilikijua palepale. Nikaandika mpaka tukaambiwa tuweke kalamu chini. Mwisho niliouandika nitakwambia mbele kidogo. Nivumilie, maana ndio unaonipa shida.

Tulipotoka tulikusanyika kwa muuza chapati ya mayai nje ya ukumbi, kila mtu akawa anaeleza alichoandika. Msichana mmoja aitwaye Sandra, aliyetoka Eldoret, alisema yule ni mama na mwanawe anayesafiri ng'ambo, na mama anaficha machozi. Kijana wa Kampala akasema hapana, mtoto ameleta habari ya msiba. Isaac, chapati mdomoni, akawaambia, "Ninyi watu ya mbali hamjui kitu. Ile ni mama mkwe. Kijana naingia bila hodi, sasa naona haya." Sisi wote wa Busia, Tororo na Malaba tukaitikia kwa pamoja, hata Wasamia wawili ambao hatukuwajua, tukaanza kubishana kama kijana yule amemaliza mahari au bado. Sandra akauliza kama huku kwetu wanaume wote wanaogopa mama mkwe. Isaac alimjibu kwamba si kuogopa: "Ni heshima, sista. Yeye pia nakuheshimu wewe." Sandra akasema kwa maoni yake hiyo ni kazi kubwa sana kwa watu wanaopendana.

Isaac hakuitwa kwenye mahojiano. Hata yule mama mkwe alikuwa amemvusha daraja. Mimi niliitwa, nikakaa mbele ya mwanasaikolojia mwenyewe, mama mmoja mpole wa miwani anayeitwa Daktari Phiona. Aliniambia ameniita kwa sababu katika karatasi zangu kulikuwa na hadithi moja isiyo na mto. Akaniuliza watu wale ni nani. Nikamweleza, naye akauliza mengi: tunakula pamoja? Tunapeana mkono? Tunaongea? Nikamwambia tunaongea vizuri sana. Nikija hapo kwako Molo unakaa kwenye mkeka wako ukitazama ghala, mimi nakaa kwenye kiti changu nikitazama mbuzi, na miaka yote hii tumezungumza habari za mvua na mavuno na watoto bila kukosana hata mara moja, ila mpaka leo siwezi kuapa macho yako yana rangi gani.

Hakucheka. Aliisoma ile hadithi yangu kwa sauti mpaka mwisho, akaiweka mezani. Kisha akasema neno lililonichoma. Alisema katika hadithi zangu zote yupo mtu anayeiona shida mapema na kuielewa kuliko wenzake, halafu anasimama kungoja mwingine ageuke. Hata kwenye daraja, alisema, Lenox wa wenzangu anaanza kukata magogo siku hiyohiyo, lakini Lenox wangu anamsubiri kwanza mwenyekiti wa kijiji arudi kutoka safari. Mama, yule mwenyekiti hakuwemo katika hadithi ya Isaac. Nilimwongeza mwenyewe na sikujua kwamba nimemwongeza. Alisema malori yakikwama langoni kampuni haitaki msimamizi anayesubiri mwenyekiti.

Baada ya siku chache ukaja ujumbe kwenye simu kwamba sikuchaguliwa. Niliumia, sitakudanganya. Nilimwonyesha Prossy, akausoma mara mbili, akaniletea chai.

Sasa tufike kwenye macho yako.

Tangu daktari wa kliniki ya macho hapa Busia aseme kwamba una mtoto wa jicho pande zote mbili, na la kushoto limekaribia kufunga kabisa, sijawa na raha. Alisema yanapasuliwa na yanapona. Ila baada ya hapo unatakiwa ukae karibu naye akuangalie mara kwa mara, uwe na mtu wa kukutilia dawa ya matone kila siku, usiiname na usipulize moto jikoni. Prossy hawezi kuacha wanafunzi wake katikati ya muhula aje kukaa Molo, na ndugu zake wote wako mbali. Mahali pa wewe kukaa ni kwetu. Nawe ulikataa. Ulimtuma mzee Osire atuambie kwamba ni afadhali usione kuliko kuonwa na mkwe wako ukienda chooni asubuhi na kanga ya kulalia.

Siku hiyo nilikuwapo, Mama. Nilisimama kando ya ghala na kofia mkononi, nikasikia yote kupitia ukutani, na jinsi Prossy alivyolia. Nilikuwa na maneno lakini sikuwa na njia ya kukuambia. Nikarudi nyumbani nikaanza kujenga.

Hiyo nyumba ndogo najua ulisikia habari zake, sijui kama uliambiwa yote. Niliijenga ndani ya boma letu kwa matofali na mabati, nikaweka na dirisha, nikajiona kama mtu aliyenunua fahali. Prossy aliporudi kutoka shuleni alisimama akaitazama. Akatembea kutoka mlangoni mpaka chooni, akarudi, akaniambia kwamba kila mara Mama atapita mbele ya baraza langu, na kiti changu kiko palepale. Tena mlango wa nyumba ile ulikuwa unatazamana na mlango wangu, uso kwa uso. Mimi niliyelelewa na adabu hizi tangu utotoni nilimjengea mama mkwe nyumba ya kunikodolea macho. Mafundi nao wote walikuwa watu wa huku na hakuna aliyesema kitu. Huenda walidhani ni ya mpangaji.

Tukaweka mahindi humo. Kuku wakaingia, mmoja akaanza kutaga juu ya kitanda chako. Na mimi, Mama, nikaliacha jambo hapo. Mtu akiniuliza habari za macho yako nilikuwa namjibu kwamba nimejaribu.

Ndiyo maana nilipoiona picha ile niliijua. Na sasa nikwambie mwisho nilioandika, kama nilivyoahidi. Niliandika hivi: "Kijana alisimama mpaka jua likageuka. Kisha akatoka kimya bila kusema alichokuja kusema. Mama akabaki akiutazama ukuta, na mwaka uliofuata hakuweza kuuona hata huo ukuta."

Niliuandika kwa mkono wangu. Hakuna aliyenilazimisha; waliomba mwisho, na huo ndio mwisho niliokuwa nao. Daktari Phiona aliposoma maneno hayo kwa sauti yake ya upole nilipatwa na aibu ambayo sijawahi kuiona. Macho yalinijaa nikasingizia vumbi la feni. Nilikuwa nimeshakupofusha, Mama, na nilikuwa nimefanya hivyo kwa adabu kabisa.

Ule ujumbe wa kampuni ulipokuja nilikuwa bado nawaza habari ya yule kijana. Nikawa najiuliza angefanya nini. Kumshika mama mkono hawezi. Kumwambia ageuke hawezi. Ikanijia nikiwa kwenye foleni ya forodha, na makaratasi ya watu mkononi: angegeuka yeye. Kijana naye angeupa mlango mgongo, mama angepita akatoka zake, na heshima isingeguswa hata kidogo.

Sisi sote, Prossy na mimi na mzee Osire, tumekuwa tukiuliza Mama atalala wapi. Hakuna aliyeuliza mimi, Hudson, nitalala wapi. Basi mimi ndiye ninayetoka. Isaac amenipa kitanda kwake kule mtaa wa Sofia, na mke wake ameanza kulalamikia kukoroma kwangu kabla hata hajanisikia. Nguo zangu nimehamisha tangu Alhamisi. Kiti cha barazani pia nimekiondoa, usije ukakiona ukadhani mwenyewe yuko karibu. Kuku wametolewa katika nyumba ndogo kwa mabishano makubwa, Prossy amepaosha na kutundika mapazia, na kitanda kina godoro jipya. Muda wote utakaokuwa pale, mpaka daktari aseme inatosha, sitakanyaga boma lile. Watoto watapitia ofisini kwangu wakitoka shule, tutaonana huko.

Nilikwenda kumuuliza mzee Osire kama kuna ubaya wowote. Alifikiri muda mrefu, akaomba chai nyingine, akafikiri tena. Halafu akasema, "Kama wewe natoka, basi mkwe hayuko. Hayuko, nani atamwona? Mimi sioni kosa." Akasema pia kwamba gari lake liko tayari wakati wowote, na mzee Osire hajawahi kumpa mtu gari lake, wewe unajua.

Kliniki inakungoja Jumatatu.

Limebaki neno moja, na hili Prossy nilimkataza asikwambie mapema. Ulipomuuliza leo amekuja na nani, najua alikujibu amekuja na gari la mzee Osire. Ni kweli. Lakini na mimi nimekuja. Wakati unasomewa maneno haya niko hapa kwako Molo, nje, kando ya barabara, nimekaa juu ya kichuguu kile kilicho baada ya shamba la mihogo. Gari liko mbele ya nyumba yako na mlango wa nyuma uko wazi. Nimetazama upande wa mwamba wa Tororo na mlango wako nimeupa mgongo. Kofia nimeiacha nyumbani.

Sikuja kukulazimisha. Ukikataa, Prossy atatoka peke yake, nitazijua hatua zake, na nitakuheshimu kama jana. Lakini mimi nakuomba, Mama. Nakuomba kwa kinywa changu mwenyewe, sikumtuma mtu: twende ukatibiwe. Toka polepole kwa sababu ya mguu, hakuna haraka na hakuna anayekutazama. Sitageuka mpaka nisikie mlango wa gari umefungwa na gari limeondoka. Nitafuata nyuma kwa bodaboda, mbali kabisa, na nitaishia Sofia.

Ukishapona nitakuja Molo kukusalimu kama zamani, wewe kwenye mkeka ukitazama ghala, mimi kwenye kiti nikitazama mbuzi. Tofauti ni kwamba ghala utakuwa unaliona.

Emmy na Akiteng wanakusalimu sana na wamegombana tayari nani atakushika mkono kwenda kliniki. Isaac na mke wake wanakusalimu. Nisalimie na majirani wote wa hapo, waambie mbuzi wako tumewaachia wao mpaka utakaporudi.

Ni mimi mkwe wako,
Hudson Ecweru,
niko hapa nje.